Visukuku au zirkoni: kipi kinaonyesha mpaka wa vipindi?

Mwanafunzi wangu hapa Kigoma aliniuliza swali zuri sana: mpaka kati ya vipindi viwili vya kijiolojia unaujuaje ukiwa umesimama mbele ya mwamba?

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, ndivyo vinavyouweka mpaka. Kule Meishan, China, kipindi cha Triasi huanzia kwenye tabaka ambamo Hindeodus parvus, konodonti (mnyama mdogo wa baharini wa kale), anaonekana kwa mara ya kwanza. Ila visukuku husema nani alitangulia tu, miaka havihesabu.

Miaka tunaipata kwenye zirkoni, kichembe cha madini kidogo kuliko punje ya chumvi. Kinapoumbika hubeba urani lakini huikataa metali ya risasi karibu kabisa. Kwa hiyo risasi unayoikuta humo baadaye imetokana na urani iliyobadilika, nayo kasi yake inajulikana. Majivu ya volkano ya Meishan yamepimwa hivyo, na mpaka ukaangukia takriban miaka milioni 251.9 iliyopita.

Kwetu visukuku vya wanyama havitusaidii: mawe ya mchanga ya Kigoma yalitandazwa kabla wanyama wenye maganda magumu hawajatokea. Zirkoni zimo, lakini hapo uwe mwangalifu, maana zilisombwa na maji kutoka miamba mikongwe zaidi. Zinakuambia tu kwamba tabaka ni changa kuliko hata ile chembe iliyo changa zaidi humo. Mimi ningetafuta kwanza tabaka la majivu ya volkano, maana zirkoni zake huumbika karibu na wakati majivu yanapotua.