Fundi aliyekataa pesa yangu mwezi wa Mei

Mimi nashona sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Waithaka, Nairobi, ndicho kiwanda: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na rafu ya vitambaa inayokaribia kugusa mabati, maana silingi hatukuwahi kuweka. Nyumba ilijengwa 1994 na mabati yalikuwa yale yale ya 1994. Mvua ya El Niño ya 1997 iliyapiga na hatukuona tone ndani. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo jibu nililopewa na mzee wangu miaka yote nikimwonyesha doa ukutani: "Hilo paa lilishinda El Niño." Sawa, lakini mwaka huo hata mimi nilikuwa nikipanda vilima vya Ngong bila kushika kiuno.

Aprili 2024, siku zile mito ilipofurika na watu wa Mathare wakapoteza makao, niliamka nikakuta shati nyeupe 18 zilizokwisha kushonwa zina michirizi ya rangi ya chai. Nikazitia jiki. Kosa kubwa, jiki hulikaza doa la kutu badala ya kulitoa. Limau na chumvi viliokoa shati saba. Hizo nyingine zikawa vitambaa vya kupangusia mashine. Hapo nikasema paa litabadilishwa mwezi huo huo, hata kama ni kwa kukopa kwenye chama chetu cha akiba.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa mauzo kutoka duka moja la vifaa vya ujenzi. Alisimama langoni, akaangalia paa kama mtu anayekadiria umri wa ng'ombe, akapiga picha mbili kwa simu, na jioni nikapata hesabu ya shilingi 412,000 za vigae vya chuma vyenye chembe za mawe. Ngazi hakuomba. Ndani hakuingia. Wa pili, fundi wa mtaani, alitaka kupigilia mabati mapya juu ya yale ya zamani, "kazi ya siku moja, mathe." Bei yake ilikuwa tamu, nakiri. Kilichonizuia ni ushonaji. Ukifunika bitana iliyooza kwa kitambaa kipya, nguo itakuja kukuaibisha mbele za watu.

Wa tatu ndiye ninayeandika habari zake. Ni mtu mzima, maneno machache, anakuja na kijana wake mmoja na ngazi ya mbao ambayo nilidhani itamwangusha. Alidai 1,500 za kuja kukagua, mwanzo wa Mei. Nikanung'unika, kwani wale wengine walikuja bure. Lakini alikaa saa mbili nzima.

Kwanza hakupanda. Aliingia chumbani, akafunga madirisha na mapazia, akazima taa, akaniambia nisimame katikati niangalie juu. Mama yangu, nyota mchana! Vitundu kama thelathini hivi vya mwanga. Akanionyesha kwamba karibu vyote vilikuwa vimejipanga mistari, yaani kwenye mistari ya misumari. Bati lenyewe katikati ya mistari lilikuwa bado zima. "Hapa mwenye ugonjwa ni msumari," akasema. Waliojenga 1994 walipigilia misumari mingine kwenye bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Tena mingi haikuwa na mpira chini ya kofia yake. Miaka thelathini ya jua la mchana na baridi ya usiku, bati likitanuka na kunywea, kila tundu likapanuka polepole.

Halafu akaniuliza maji yanadondokea wapi. Nikamwonyesha mahali pa sufuria tatu. Ya kwanza, juu yake hapakuwa na tundu lolote. Alifuata ubao kwa tochi hadi karibu mita mbili kando, akapata maji yanapoingilia. Yalikuwa yanateremka juu ya ubao kimya kimya hadi kwenye kifundo, ndipo yadondoke. Mzee wangu alikuwa amepaka lami pale juu ya sufuria kila mwaka. Lami ya bure kabisa.

Sufuria ya tatu ndiyo iliyonichekesha. Nilimwambia hiyo huvuja hata Julai, wakati hakuna mvua, kuna ile baridi ya Nairobi tu na mawingu ya siku nzima. Akaitazama pasi yangu, akatazama juu, akauliza napiga pasi saa ngapi. Alfajiri, kabla wateja hawajaja. Basi, akasema, hilo si paa linalovuja, ni wewe. Mvuke unapanda, unakutana na bati baridi, unageuka maji. Miaka sita nimeweka sufuria chini ya jasho la pasi yangu mwenyewe.

Ndipo akapanda. Aliporudi kwenye ngazi alikuwa ameshika msumari mmoja. Hakuung'oa kwa nyundo, aliuvuta kwa vidole viwili, ukaja na unga wa mbao umeshikamana nao, mweusi, laini kama kahawa. Akaniwekea kiganjani. Huo ulitoka upande wa jikoni, ambako mbao nne au tano zilikuwa zimeoza. Bati likiwa na kutu unaweza kungoja kidogo, alisema. Ubao ukishindwa kushika msumari, siku moja upepo utakuchukulia paa uliweke kwa jirani.

Nikamwambia basi anza Jumatatu, pesa ya chama ipo. Akakataa. "Mama, paa halifunguliwi mvua ikiwa hapa." Ukishaondoa mabati, ukuta, vitambaa, stima, vyote viko wazi, na fundi anayeharakishwa na wingu hukosea. Alitaka Januari au Februari. Januari mimi siwezi hata kupumua kwa ajili ya sare, tukakubaliana Februari. Kwa wakati huo akang'oa misumari mibovu upande wa chumba cha kazi, akaweka skrubu zenye mpira, akaziba matundu kwa silikoni, na upande wa jikoni akaegemeza mbao mpya kando ya zilizooza. Nililipa 3,200 pamoja na vifaa. Mvua ya vuli mwaka ule haikuwa nyingi, lakini ile iliyokuja haikuingia.

Kwa hiyo nikapata miezi tisa ya kukusanya pesa na kujifunza. Jambo la geji, yaani kipimo cha unene wa bati, lilinichanganya kwanza. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni jepesi kuliko 30, na 30 kuliko 28. Sisi wa kitambaa tumezoea kinyume chake, gramu zikiongezeka nguo ni nzito. Nilitaka 30 kwa sababu ya bei, fundi akasema upande unaokanyagwa wakati wa kusafisha gata, ule mtaro wa kukingia maji ya paa, uwe 28. Mwishowe nikanunua 28 paa zima, ya rangi, ile ya migongo ya mraba, ya kijani iliyokolea. Shilingi 780 kwa mita. Tulienda wote wawili hadi Industrial Area kuagiza yakatwe mita tano kila moja, yatoke kofia ya paa hadi gata bila kuunganishwa katikati. Hilo pia ni somo lake: mabati mafupi ya dukani yana mpandano katikati ya mteremko, na pale pa mpandano ndipo kutu huanzia.

Lakini kabla ya hapo tulipita duka jingine, ambalo nitaliacha bila jina. Mwuzaji alituletea bati lililoandikwa 28. Fundi akatoa mfukoni kile kipimo chake cha kubana, kama changu cha vifungo ila cha chuma, akabana pembe ya bati, akasoma, akabana bati la pili. Akanirudishia uso bila neno. Mwuzaji akaanza kusema kwamba rangi hubadilisha kipimo, kwamba wateja wengine hawana kelele kama sisi. Nami nikakunja pembe kwa kidole gumba. Ilikubali kama kadibodi. Mkono wangu umeshika vitambaa miaka ishirini na mbili, haudanganywi na maandishi. Tukatoka.

Kazi ilichukua siku nne, wiki ya pili ya Februari 2025. Mambo mawili niliyapenda mno. Walianza kulaza mabati upande wa magharibi wakija mashariki, ili midomo ya mipandano iupe upepo mgongo, maana hapa kwetu upepo mwingi hutoka mashariki na husukuma mvua ndani ya mpandano ukiuachia mlango. La pili ni mkasi. Kijana alikuwa na gurainda, ile mashine ya umeme ya kukatia chuma, akataka kukatia pembe za kwenye bomba la moshi. Fundi akamnyang'anya, akampa mkasi wa mabati. Gurainda huunguza rangi kwenye mkato, na cheche zake zikitua juu ya bati jipya kila moja huacha nukta ya kutu. Mtu anayeheshimu mkasi hawezi kunikosea sana.

Alinikosea, hata hivyo. Gata.

Gata nilinunua Kamukunji kwa wale wagongaji wa mabati, imara, mshono safi. Zikafungwa siku ya nne, jua likizama, kila mtu ana haraka. Mvua ya Machi ilipofika, paa halikuvuja popote, hata tone, nami nikafurahi, kisha nikaona maji yamesimama kwenye gata ya nyuma kama beseni. Ilifungwa sawasawa bila mteremko wa kwenda kwenye tangi. Baada ya wiki mbu walikuwa wamefungua shule humo. Na tangi, ambalo ndilo lingenisaidia siku mfereji unapokauka, na mfereji wetu hukauka sana, likabaki nusu. Nikapiga simu. Mteja hapatikani kwa sasa. Nikapiga wiki tatu. Hapatikani. Alipopatikana alikuwa Murang'a kwenye mjengo, akaja Jumamosi iliyofuata, akashusha vishikio vya upande mmoja kwa muda usiofika saa moja, hakudai kitu. Lakini wiki tatu ni nyingi, na pesa yake yote nilikuwa nimeshamtumia kwa M-Pesa siku ile ile ya nne. Ningezuia 5,000 angekuja kwa siku tatu.

Tena misumari. Misumari ya miaka thelathini ilitapakaa uani, na kusafisha kwao kulikuwa kufagia mara moja. Bodaboda aliyeniletea vitambaa alitobolewa gurudumu, nikalipa mimi. Nikachukua ile sumaku yangu ya kuokotea pini, nikaifunga kwenye kamba, nikaivuta uani jioni tatu mfululizo. Kopo la mafuta lilijaa nusu.

Hesabu, kwa wanaotaka kulinganisha, ya nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la pande mbili lisilo na makona: mabati 26, 101,400. Kofia sita 7,200. Mbao zilizotiwa dawa, kubadilisha za jikoni na chache kwingine, 9,800. Skrubu 4,500. Gata na vishikio 13,500. Lori 4,500. Ufundi 28,000. Jumla 168,900, bila ile 4,700 ya mwaka uliotangulia. Mabati ya zamani yaliyokuwa mazima jirani alichukua kumi na moja kwa 150 kila moja, akazungushia kuku.

Jirani wa pili, ambaye paa lake ni la zile asbesto za zamani, alitaka kumchukua fundi wangu moja kwa moja kutoka kwangu. Fundi alikataa tena. Hizo hazivunjwi kwa nyundo na kutupwa, vumbi lake ni la mapafu. Zina utaratibu wa NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, na watu wenye leseni. Jirani aliudhika. Mimi nilianza kuona kwamba huyu mtu riziki yake nyingi huiacha mlangoni kwa kusema hapana.

Pesa ya silingi haikutosha ila ya chumba cha kazi. Tangu tuiweke, na tangu nianze kufungua dirisha nikipiga pasi, ile sufuria ya tatu imerudi jikoni kupika ugali. Vyumba vingine bado tunasikia kila tone, na mzee wangu sasa analalamika kwamba bati jipya lina kelele kuliko lile lililoshinda El Niño.

Namba ya fundi nawapa watu wanaokuja dukani kwangu kwa miguu, nikiwaambia wazuie kitu hadi mvua ya kwanza inyeshe kwenye gata. Njoo asubuhi. Mchana ikianza kunyesha upande wa jikoni, utabisha hodi hadi uchoke, sitasikia.