Friji ya basi la kuishi: chagua waya kwanza, friji baadaye

Kila anayeniletea lalamiko la friji aliyofunga kwenye basi lake aliloligeuza nyumba analeta lalamiko lile lile. Mchana inagandisha vizuri, usiku inazima. Asubuhi maziwa yamechacha, nyama imeanza kutoa harufu, na betri ukiipima haina tatizo. Mmoja amebadilisha betri zote. Mwingine amebadilisha kidhibiti joto. Aliyenifanya niandike leo ameuziwa kompresa mpya, ikafungwa, akalipa na ufundi juu, na usiku ule ule friji ikazima tena. Katika hao wote hakuna hata mmoja aliyekuwa na friji mbovu. Walichokuwa nacho ni waya mwembamba.

Kwa hiyo humu sitazungumzia lita, rafu wala rangi ya mlango. Nafasi yako utaipima mwenyewe kwa futi kamba, na unajua nyumba yako ina walaji wangapi. Nitakaa kwenye jambo ambalo muuzaji hakuambii.

Kwa nini inazima usiku

Friji nyingi nzuri zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja zina kompresa za BD35 au BD50 za Secop, kampuni ambayo hadi 2010 ilikuwa kitengo cha kompresa cha Danfoss. Ubavuni mwa kompresa kuna kisanduku kidogo cha umeme, na mojawapo ya kazi zake ni kuilinda betri isikauke. Kwenye mfumo wa volti 12, umeme ukishuka hadi takriban volti 10.4, kisanduku kinazima kompresa, na hakiiwashi tena mpaka kione umeme umerudi volti 11.7. Kisanduku hiki hakina habari na hali ya betri yenyewe. Kinachopima ni umeme uliobaki mwisho wa waya.

Sasa fanya hesabu. Basi ni refu. Betri ziko tumboni upande wa nyuma, jiko liko karibu na mlango wa mbele, na waya unafuata ukuta, unazunguka dirisha, unapita chini ya kitanda. Tuseme ni mita 9, kwenda na kurudi mita 18. Fundi ametumia waya wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani. Upinzani wake kwa urefu huo ni karibu omu 0.21. Kompresa ikivuta ampea 8, volti 1.7 zinapotea njiani. Usiku wa manane betri iko volti 12.1, hali ya kawaida kabisa, na friji inapata 10.4. Inazima. Ikishazima hakuna ampea inayopita, kwa hiyo volti zilizopotea zinarudi, kisanduku kinaona 12.1, kinasubiri kidogo, kinajaribu tena, kinaanguka tena. Mchezo ni huo mpaka alfajiri. Jua likitoka, sola inapandisha betri hadi volti 13 na ushee, upungufu unafichika, na wewe unapita mbele ya friji inayounguruma vizuri ukidhani usiku ulikuwa na mkosi.

Ukiweka waya wa milimita mraba 10 kwenye njia ile ile, upotevu unashuka hadi robo ya volti.

Na hakuna sababu ya kubahatisha, kwa sababu mtengenezaji wa kompresa ameshatoa jedwali. Kwa volti 12, waya wa milimita mraba 2.5 usizidi mita 2.5, wa 4 usizidi mita 4, wa 6 mita 6, wa 10 mita 10. Urefu huo ni wa upande mmoja, kutoka betri hadi kompresa. Kwa volti 24, zidisha urefu mara mbili. Fyuzi ni ya ampea 15 kwa volti 12 na 7.5 kwa volti 24, na ikae karibu na betri, isikae karibu na friji. Nyaya zote mbili, chanya na hasi, zitoke kwenye betri zenyewe au kwenye kituo kikuu cha umeme kilicho kando yake. Usiunganishe hasi kwenye bodi ya basi ukitegemea chuma kirudishe umeme. Bodi ya basi kuukuu ina kutu kwenye kila kiungo. Na ile plagi ya kiberiti cha sigara inayokuja na friji ndogo, ikate. Inalegea, inapata moto, na inakula volti zake peke yake.

Yule niliyemtaja wa kompresa, friji yake ilikuwa na kitaa chekundu karibu na kisanduku. Kitaa hicho kinahesabu kosa: kinamulika, kinanyamaza, kinarudia kila sekunde 4. Kikimulika mara 1, umeme unaofika ni mdogo. Mara 2, feni inavuta kupita kiasi. Mara 3, mota imeshindwa kuanza. Mara 4, mota imeanza lakini haifikii kasi inayotakiwa. Mara 5, kisanduku kimepata joto mno. Cha kwake kilikuwa kinamulika mara 1, wiki nzima, mbele ya macho ya fundi aliyemwambia kompresa imekufa. Nimelitafakari hilo sana na bado linanikera. Mtu ametoa fedha ya kompresa kwa sababu fundi hakupiga goti kuhesabu taa.

Wauza waya nao

Ukishajua unataka milimita mraba 10, kazi haijaisha. Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, na unauzwa kama shaba. Alumini inazuia umeme zaidi ya shaba kwa kama mara moja na nusu na zaidi kidogo, kwa hiyo hesabu yako yote inaharibika bila wewe kujua. Nenda na kisu. Kwangua uzi mmoja: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Inua pia roli mkononi, kwa sababu shaba halisi ni nzito na hili la alumini linainuka kirahisi mno. Kisha tazama kichwa cha waya uliokatwa, usitazame unene wa nje. Nimeonyeshwa waya mnene kama kidole, plastiki tupu, na katikati nyuzi chache zilizojikunyata. Muuzaji alisema ndio huo wanaonunua wote. Aliponiona natoa kisu akakumbuka ana roli nyingine nyuma.

Basi la volti 24

Mabasi makubwa mengi yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana kupata 24. Hii ni neema, kwa sababu friji ile ile itavuta nusu ya ampea, na waya wa milimita mraba 6 utatosha kwa mita 9 zetu. Ila kuna tabia ya mafundi inayoua betri: wanadonoa volti 12 kutoka betri moja ya chini ili walishe friji ya volti 12. Betri hiyo inachoka kila usiku wakati mwenzake imeshiba, alteneta, jenereta ya injini, inazichaji zote kana kwamba ziko sawa, na baada ya muda zote mbili zinaharibika, moja kwa njaa, nyingine kwa kuchajiwa kupita kiasi. Nunua friji inayokubali 12 na 24. Ukikosa, weka kibadilishi cha 24 kwenda 12 kinachobeba ampea za friji wakati wa kuanza, siyo zile za kawaida tu.

Mpangilio wangu wa friji, kuanzia iliyo bora

*Ya kwanza: Vitrifrigo ya wima.* Nasema wazi kwamba naipendelea. Ni ya Italia, imetengenezwa ikilengwa boti na magari, inakubali volti 12 na 24, na ndani mna kompresa ya Secop ambayo fundi yeyote wa friji za baharini anaijua. Mlango una komeo la kweli linaloshika basi likipita kwenye matuta, na komeo hilo hilo lina nafasi ya pili ya kuuacha mlango wazi kidogo friji ikiwa imezimwa, isiote ukungu. Kinachonifanya niiweke juu ya wengine ni kwamba katika baadhi ya modeli, kitengo cha kompresa kinaweza kutolewa mgongoni na kufungwa pembeni. Katika basi hilo ni jambo kubwa. Unaweza kuipeleka kompresa penye hewa na karibu zaidi na betri, ukafupisha waya. Isotherm ni ndugu yake wa karibu kwa ubora. Ukipata Isotherm kabla ya Vitrifrigo, chukua usilie. Kwa friji ya lita mia na kidogo ya aina hii, tenga kati ya ampea-saa 30 na 60 za volti 12 kwa siku, kutegemea joto na mara ngapi watoto wanafungua mlango.

*Ya pili: sanduku linalofunguka juu.* Engel ya Japani ndiyo ninayoiheshimu, ina mota yake ya kipekee yenye pistoni inayosukumwa mbele na nyuma, na inadumu. Sanduku la aina hii linatunza baridi kuliko friji ya wima kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na haimwagiki ukifungua. Inafaa chini ya kitanda, juu ya reli za kuvuta. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: unachokitaka kila mara kiko chini kabisa.

*Ya tatu: friji ya kawaida ya nyumbani na inveta.* Hapa lazima niwe mkweli. Kwa upande wa waya, hii inashinda. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, inakaa kando ya betri kwa waya mfupi mnene, kisha umeme wa volti 230 unasafiri urefu wote wa basi kwa ampea moja au pungufu, hakuna kinachopotea cha maana. Na lita unazipata kwa bei nafuu. Lakini inveta nayo inakula usiku na mchana hata kompresa ikiwa imelala, na wakati wa kuanza kompresa ya nyumbani inadai mara kadhaa ya watti zilizoandikwa mgongoni. Tafuta inveta ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa nyumbani. Zile za wimbi la ngazi zinaipasha mota moto bure. Mlango hauna komeo, utafunga mwenyewe, na rafu za kioo zitoe kabla ya safari. Mwenye betri nyingi za lithiamu na sola ya kutosha, hii ni njia halali kabisa.

*Ya nne: friji ya gesi.* Iligunduliwa na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na bado ni kazi ya akili: amonia, maji na haidrojeni, moto mdogo, hakuna kinachozunguka, hakuna sauti. Kwa anayepaki sehemu moja miezi mingi bila sola, inafaa. Inataka basi lisimame sawasawa, la sivyo kimiminika kinakwama kwenye mabomba na kupoza kunakoma. Moshi wake lazima utoke nje kwa bomba lake, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi inayotokana na moto usioungua vizuri inaua watu wakiwa wamelala. Zima moto kabla ya kuingia kituo cha mafuta. Na usidanganywe na upande wake wa volti 12: unavuta ampea 10 na zaidi mfululizo, basi likiwa limesimama utaamka betri imekauka.

Visanduku vya bei ya chini visivyo na kompresa, vinavyotumia kibamba cha umeme na feni, vinashusha kama nyuzi 20 tu chini ya joto la nje. Nje kukiwa na nyuzi 35, hesabu mwenyewe kama nyama itasalimika. Visanduku vya bei nafuu vyenye kompresa ni bora kuliko hivyo; kagua kama kompresa yake inapatikana vipuri.

Kuifunga

Friji isikae mgongo kwa mgongo na jiko, wala juu ya injini. Toboa kabati chini na juu: hewa baridi iingie chini, ya moto itoke juu, na usizibe njia kati yake kwa sponji. Iwekee misumari ya skrubu inayoshika kwenye chuma cha basi, kwa sababu plaiwudi peke yake itachomoka siku ya breki ya ghafla. Ikiwa ililazwa wakati wa kusafirishwa, isimamishe masaa kadhaa mafuta yarudi kwenye kompresa kabla ya kuiwasha. Kabla ya kufunga ubao wa mwisho wa ukuta, washa kompresa na pima volti sehemu mbili: kwenye betri, kisha kwenye kisanduku cha friji. Tofauti ikizidi nusu volti, waya utoke sasa, ubao ukiwa bado wazi.

Bei nayo inaumiza. Friji yenye neno "boti" au "karavani" kwenye boksi inauzwa mara kadhaa ya friji ya nyumbani yenye lita hizo hizo, na kwa fedha hiyo ningetegemea angalau karatasi moja ya jedwali la waya ikabidhiwe mkononi. Badala yake mnunuzi anapewa boksi na plagi, na friji ikizima anaambiwa dhamana imevunjika kwa kuwa haikufungwa na fundi wao. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti, kwa mkono wake, ukubwa wa waya kwa urefu wa basi lako na ampea za fyuzi, kisha aweke sahihi. Akikataa kuandika, mwachie friji yake.