Mashine ya kutoa singa za mgomba: miezi minne nayo hapa Tukuyu

Watu wananiuliza hii mashine inafaa au ni kuliwa hela tu, naandika mara moja niache kurudia. Singa ni zile nyuzi ndefu zilizomo ndani ya shina la mgomba. Nilinunua kwa fundi mmoja wa kuchomelea Mbeya mjini, milioni moja na laki nane pamoja na injini ya petroli ya hospawa 6.5, nikaileta na kirikuu.

Ni korona ndogo, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge yabaki nyuzi, aliyewahi kufanya kazi kwenye mkonge kule Tanga ataielewa fasta. Kuna ngoma yenye vyuma vimechomelewa, mbele yake bamba, na ule mwanya katikati ndo kila kitu. Unaingiza gamba la shina la mgomba mpaka nusu, unavuta, unageuza upande wa pili, maji na makapi yanarukia chini unabaki na singa mkononi zinang'aa kama mvi zilizopakwa mafuta.

Siku ya kwanza ilinitoa jasho. Vyuma vina makali, mwanya umebana, singa zinakatika vipande vya urefu wa shubiri, shangazi kasimama pembeni anaangalia tu hasemi kitu. Kumpigia fundi ananiambia "kaka, hiyo itajizoesha yenyewe". Haikujizoesha! Nikachukua tupa nikaua makali mwenyewe, maana vyuma vinatakiwa vikwangue sio vikate, nikalegeza boliti mpaka sarafu ya shilingi mia mbili ikapita kwenye mwanya kwa kubanwa, hapo ndo ikaanza kueleweka.

Halafu hii habari ya "nyuzi za nguo" wanayouzia, taratibu jamani. Kinachotoka pale ni cha kamba, mkeka na kapu, ukitaka mtu avae lazima ulainishe, usokote, na wengi wanachanganya na pamba, hiyo mashine haina hizo habari. Magamba ya ndani ni laini ila yanakatika upesi, ya nje imara ila magumu.

Malighafi ni bure kwasababu mgomba ukishazaa unakatwa tu, ila karibu wote ni maji, shina la kilo 25 linanipa kama robo kilo ya singa kavu. Na usilaze, chakata siku hiyohiyo, zikichelewa zinakuwa za kahawia. Kukausha ndo kilio, mvua ya Tukuyu mnaijua, kuna mzigo niliuanika chini ya nailoni siku tatu ukaota ukungu wote. Utomvu nao ulishakula shati langu moja.

Kitu kilichonikera zaidi mkanda ulikuja bila kifuniko, nimekata bati mwenyewe. Singa pia zinajiviringisha kwenye shafti karibu na beringi, zima injini kwanza ndo utoe na kisu, na usije ukazungushia singa kiganjani wakati wa kuvuta, ikikubeba imekubeba.

Naipa tatu kwa tano. Ningenunua tena, ila ningeenda na mgomba wangu fundi aujaribu kwenye mashine mbele yangu ndo nimmalizie hela. Shangazi kahamishia kigoda palepale, anasuka mkeka wa pili sasa, na bado hasemi kitu.