Jagi la krimu la kaure ya Kiingereza: lipi ununue kwanza

Ukianza kukusanya kaure za kale za Kiingereza, anza na jagi la krimu, kijagi cha kumiminia krimu au maziwa kwenye chai. Linaenea kiganjani, na ufundi wote wa kiwanda unauona hapohapo.

Namba moja kwangu ni la kiwanda cha Worcester, la miaka ya 1760 na 1770, lenye mdomo uliochongoka kama wa shomoro na maua ya buluu yaliyochorwa kwa mkono. Kiwanda kilianza 1751, na udongo wake ulichanganywa na jiwe la sabuni, jamii moja na mawe ya vinyago vya Kisii. Ndiyo maana vyombo vyake vilistahimili maji ya moto wakati vya wengine vikipasuka. Liinue mbele ya taa: mwanga unaopenya mara nyingi una ukijani. Kitakoni huenda ukakuta hilali ya buluu, alama ya kiwanda. Usiiamini peke yake, maana hata kiwanda cha Lowestoft waliiiga.

Hao Lowestoft, wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza, ndio wa pili. Kaure yao ina majivu ya mifupa, na mwanga wake huelekea umanjano. Michoro yao haina madaha ya Worcester, lakini mimi naipenda kwa sababu unauona mkono wa mchoraji ulipotua na ulipoteleza.

Mfuko ukibana, chukua New Hall la Staffordshire, kiwanda cha 1781. Yapo mengi na bei yake ni ya chini zaidi.

La mbuzi wawili na nyuki, la Chelsea, kiwanda cha London, la mwaka 1745 hivi, naliweka mwisho. Ni zuri kupindukia, lakini nakala zake ni nyingi mno. Bila mtaalamu kuliandikia hati, liache.

Lolote utakalochagua, kagua mdomo na mkono wa kushikia. La kwangu la kwanza niliuziwa kuwa zima. Nyumbani nikapitisha ukucha chini ya mdomo, nikahisi sehemu laini, yenye uvuguvugu kuliko kaure iliyoizunguka: ncha yote ilikuwa imejazwa na kupakwa rangi. Siku hizi nabeba tochi ya kukagulia noti bandia. Gizani, palipozibwa mara nyingi hung'aa tofauti. Ufa mdogo wa tanuri kitakoni naweza kuuvumilia, jagi lilizaliwa nao. Mdomo uliotengenezwa silipii zaidi ya nusu ya bei.