Misimu mitatu Iowa na bunduki yangu ya kwanza ya marisau: Mossberg 500

Natumia mkono wa kushoto. Kwetu Kigoma waliniita Mashoto hata kabla sijajua kuandika. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililoniamulia bunduki ya kununua.

Duka la kwanza hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, nilishikishwa bunduki nyingine, Remington 870. Inatengenezwa tangu 1950, zimeuzwa zaidi ya milioni 10, sina neno baya juu yake. Ila kitufe cha usalama kiko nyuma ya kifyatulio, kimepangwa kwa kidole cha mtu wa kulia. Kwenye Mossberg 500 kiko juu mgongoni, hapo dole gumba linapolala lenyewe. Mashoto au mkulia, ni mamoja.

Nilichukua geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu. Usishangae namba kushuka huku mtutu ukipanuka: ni hesabu ya kale, goroli 12 za madini ya risasi zinazoenea mtutuni hutimiza uzito wa ratili moja. Mwenye mwili mdogo ningempa geji 20, inapiga bega kistaarabu zaidi. Muuzaji mmoja alinisukumia chemba (tundu la kuingizia risasi) ya inchi 3.5 kana kwamba naenda kuwinda tembo. Inchi 3 imenitosha kwa kila kitu.

Kilichonifanya nilipe ni mitutu miwili: wa inchi 28 kwa ndege, na wa inchi 24 wenye mifereji ndani kwa kulungu. Hakikisha haina risasi, fungua skrubu ya mbele, chomoa, chomeka. Oktoba niko kwenye mashina ya mahindi nikisaka fezanti, ndege wa jamii ya kuku, Desemba niko na kulungu, bunduki ni ileile. Gobole la babu halikuwa na mambo hayo.

Msimu wa kwanza nilikosa fezanti saba mfululizo. Nilidhani bunduki ina kasoro, kumbe nilifunga choki, kile kibano cha mdomo wa mtutu, ya kubana kabisa wakati jogoo anaruka mita 20 kutoka miguuni. Marisau yanatoka yakiwa fungu moja kama ngumi. Nikaweka choki ya wazi, wakaanza kuanguka. Kosa la pili: kukoki nusunusu kwa papara, ganda tupu likagoma kutoka. Pampu, kile kishikio cha kukokia chini ya mtutu, inataka ivutwe mpaka mwisho, bila huruma.

Bata wana sheria zao. Marisau yawe ya chuma au madini mengine yasiyo na sumu, madini ya risasi yamekatazwa kwa bata nchi nzima tangu 1991, na risasi ndani ya bunduki zisizidi tatu, ndiyo maana kuna kile kijiti cha kuziba magazini, lile bomba la kuwekea risasi. Usikitupe. Mimi nimezaliwa baada ya 1972, kwa hiyo kabla ya leseni nilipita pia kozi ya usalama ya jimbo. Nenda hata kama umekulia porini.

Kwa kulungu, risasi moja nzito ya gramu 28 ni shughuli nyingine. Siku ya kuilengesha nilipiga kumi, jioni mke wangu akanivua shati. Nimebadilisha mpira wa kitako, basi.

Jogoo wa fezanti tunampika kwa nazi. Mtafuneni taratibu, marisau mawili matatu hayakosi kubaki nyamani.