Hoya za kuning'inia za Malindi: mmea safi, udongo wa kutupa

Hoya za vitalu vya Malindi, mimea ya mapambo yenye kutambaa, huuzwa zikiwa tayari kutundikwa: chungu cheupe cha plastiki cha sentimita 18, kulabu ya mikono mitatu, na kisahani kilichobanwa kwa chini. Hiki tunachokipima kiliuzwa shilingi 900. Kibandiko kimeandikwa "hoya" tu, lakini kwa majani yale marefu, manene, yenye madoa ya fedha kama yaliyorushiwa chokaa kwa brashi, hii ni Hoya pubicalyx. Asili yake Ufilipino, na joto la pwani haliisumbui hata kidogo. Mmea wenyewe tunaupa 9 kwa 10. Udongo uliomo, 2.

Utoe chunguni uone. Donge zima hutoka kama tofali: udongo mwekundu na samadi ya mbuzi, vimeshindiliwa mpaka hakuna pa hewa kupita. Kwao, hoya hupanda juu ya miti na mizizi yake hushika magome, haikai ardhini. Katika donge kama hili juu hukauka kwa siku 2 huku katikati ni tope. Mwenye mmea akiona ukavu huo huongeza maji, na mizizi inaoza. Dalili yake huchanganya watu, maana majani hukunjamana kama yenye kiu: mizizi iliyooza hainyonyi tena. Akiongeza maji hapo, amemaliza.

Basi badilisha udongo wiki ile ile ya kununua. Makopo 3 ya makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2, kopo 1 la makaa yaliyopondwa kwa ukubwa wa harage, kopo 1 la vigae vya tofali la kuchoma, na nusu kopo la mboji iliyochekechwa. Makumbi huwa na chumvi, na yale yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba yana zaidi. Yaloweke siku 2 na ubadilishe maji mara 3. Maji ya kwanza yatatoka kahawia iliyokolea, rangi ya magome ya mkandaa, ya mwisho yawe karibu meupe. Mchanga wa baharini usiuguse. Osha donge taratibu kwa maji ya vuguvugu, kata mizizi iliyolainika na kuwa kahawia, kisha rudisha mmea chungu kile kile. Hoya hupenda kubanwa mizizi, na chungu kikubwa huweka unyevu kuliko mizizi inavyoweza kuumaliza.

Kisahani ndicho kasoro ya pili. Hutega maji chini ya mizizi na hakichomoki kwa urahisi. Tia bisibisi, vunja vibanio, kitupe. Siku ya kumwagilia tundua chungu, kipeleke bafuni, kimwagie mpaka maji yatoke chini kwa wingi, kiache kichuruze nusu saa.

Ushauri unaotolewa pamoja na mmea, "kikombe kimoja kila asubuhi", uache hapo hapo kitaluni. Bana jani lililokomaa kati ya vidole ulikunje kidogo: likikataa, bado lina maji, likikunjika laini kama ukingo wa chapati, mwagilia. Wakati wa kaskazi hiyo ni kama kila siku 4 au 5, na wakati wa masika inaweza kupita wiki 2. Maji ya kisima yenye magadi huacha utando mweupe kwenye ukingo wa chungu na kuunguza ncha za majani. Ikiwezekana, kinga maji ya mvua utumie hayo.

Mwanga: mita 1 hadi 2 kutoka dirisha la mashariki. Jua la asubuhi halina neno, la alasiri huchoma majani yakawa manjano. Kwa nyumba za mawe za Lamu, zenye kuta nene, usiitundike ndani kabisa hata kama inapendeza mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Itundike kwenye msana, ule ukumbi ulio wazi unaotazama kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Na kumbuka katikati ya mwaka jua hukaa upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini lililokuwa na kivuli Desemba hupigwa na jua Juni.

Tawi refu lisilo na majani wengi hulikata wakidhani limekufa. Liache, majani hufuata. Vivyo hivyo kikonyo kinachobaki maua yakipukutika: maua yajayo hutoka hapo hapo. Yananukia zaidi usiku na hudondosha utomvu mtamu, kwa hiyo usitundike juu ya takia.

Chungu chetu kilikuja na vidung'ata, wadudu wanaoonekana kama pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani. Sisimizi wakipanda na kushuka, ujue wapo. Wapanguse kwa pamba yenye spiriti, kisha nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1, rudia kila siku 7 mara 3 ili kuwawahi wanaoanguliwa.

Mezani kwa muuzaji huwa pia pana Hoya kerrii, jani moja la umbo la moyo ndani ya kikombe. Zuri, lakini likikatwa bila fundo la shina halitatambaa kamwe. Litabaki jani miaka na miaka. Hoya linearis nayo, ile ya majani membamba, ni ya milima ya Himalaya na joto letu huidhoofisha. Ziache zote mbili.

Anayeipeleka pubicalyx yake Lamu aizungushie gazeti kabla ya kupanda boti Mokowe, na akifika asuuze majani kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuitundika.