Fundi wa waifai wa Kariakoo: nyota nne

Waifai yangu hapa Tabata ilikuwa ikifika chumbani inakata roho. Nikamwita fundi mwenye kimeza Mtaa wa Aggrey. Aliniahidi saa 4 asubuhi, akatokea saa 7 mchana. Hapo nyota moja imeondoka. Ila kazi anaijua. Bisibisi hakuigusa kabisa: aliitoa ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, nyuma ya friji, akaipandisha juu ya kabati la sebuleni, akahamisha chaneli, yaani njia ya mawimbi ya waifai, kutoka 3 kwenda 11 maana majirani wote wamejazana kwenye namba za chini. Simu yangu akaiacha kwenye masafa ya GHz 2.4, yale ya GHz 5 yana kasi, lakini kuta za tofali zinayachosha. Sh 15,000, nauli humo humo. Sasa mwanangu anaangalia katuni kitandani, sijui nishukuru au nilie.